Viatu rasmi vya Northampton kwa bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa tena na tena: na kijana anayejiandaa kwa usaili au harusi, na bwana wa ofisini aliyechoka kununua viatu kila baada ya miezi minane, na ndugu walioko Leicester au London wanaotaka kumtumia baba kitu cha kudumu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Kama una haraka, soma kwanza sehemu ya saizi na ya ukaguzi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

## Mambo ya msingi

Kwa nini viatu vya Uingereza? Si hata Waitaliano wanashona vizuri?

Wanashona vizuri sana. Lakini kwa mtu anayetafuta bei nafuu, viatu vya Kiingereza vina faida moja kubwa: vimejengwa ili vifunguliwe na kutengenezwa upya, na vimetengenezwa kwa wingi kwa muda mrefu hivi kwamba vilivyotumika vimejaa kila mahali. Jozi ya miaka ishirini iliyopita inaweza kuwa na maisha marefu mbele yake.

Karibu vyote vinatoka eneo moja dogo, Northamptonshire, katikati ya Uingereza. Palikuwa na ng'ombe wa kutoa ngozi, misitu ya mialoni ambayo magome yake hutumika kutengenezea ngozi, na maji ya mto Nene. Mwaka 1642 mafundi wa Northampton walipewa oda ya jeshi ya jozi 4,000 za viatu na 600 za buti, na kazi hiyo haijakatika tangu hapo. Timu ya mpira ya mji, Northampton Town, mpaka leo huitwa The Cobblers, yaani mafundi viatu.

Watu husema "kimeshonwa Goodyear". Maana yake nini?

Ni namna ya kuunganisha soli na ngozi ya juu. Ukanda mwembamba wa ngozi huzungushwa kwenye kiatu na kushonwa pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani. Kisha soli ya nje hushonwa kwenye ukanda huo tu, haigusi ngozi ya juu. Nafasi inayobaki katikati hujazwa koki (ile ya vizibo vya chupa za mvinyo), ambayo hukaa kwa umbo la unyayo wako ukishavaa wiki kadhaa. Jina linatokana na Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule mvumbuzi wa kuimarisha mpira kwa joto, aliyehusika na mashine ya kushona hivyo katika miaka ya 1870.

Kwako wewe mnunuzi, hili lina maana kwamba soli ikiisha, fundi hukata nyuzi za ukanda, huitoa, na kushona nyingine. Kiatu cha kubandikwa gundi kikiisha soli, mara nyingi kimekwisha chote. Kwa hiyo shika jambo hili moja, maana majibu mengine yote yanalitegemea: unanunua ngozi ya juu na kipimo cha mguu wako. Soli, kisigino na kamba ni vitu vya kubadilisha.

Kampuni zipi ni za kuaminika, na dukani bei zao zikoje?

Nitazitaja kwa ngazi, kwa bei za viatu vipya zisizo na punguzo, ambazo hupanda karibu kila mwaka. Ngazi ya kuanzia ni Loake ya Kettering (1880) na Barker ya Earls Barton (1880): pauni 300 na kitu kwa vile vinavyoshonwa Uingereza. Sanders ya Rushden (1873) hawako mbali na hapo. Juu kidogo yupo Cheaney wa Desborough (1886), pauni 400 na kitu. Crockett & Jones (1879) na Tricker's (1829), wote wa Northampton mjini, wako kwenye 500 na kuendelea. Church's (1873), ambayo kampuni ya mitindo ya Prada iliinunua mwaka 1999, mara nyingi huvuka 700. Edward Green (1890), Gaziano & Girling (2006) na viatu vya kiwandani vya John Lobb huvuka 1,000.

Kwa maoni yangu, mtu anayenunua jozi yake ya kwanza asihangaike na ngazi ya juu. Cheaney na Crockett & Jones ndiko pesa inakofanya kazi zaidi. Juu ya hapo unalipia uzuri wa umbo na usafi wa mkono, mambo ya kweli kabisa, lakini hayaongezi miaka mingi kwenye kiatu.

Kila kiatu chenye jina la kampuni ya Kiingereza kimetengenezwa Uingereza?

Hapana, na hapa wengi huumia. Kampuni kadhaa zina mikusanyo ya bei ya chini inayoshonwa nje, India kwa mfano. Loake wanaoshonwa Kettering ni wa mkusanyo uitwao 1880. Mikusanyo yao mingine mingi hutoka nje. Grenson nao wana ngazi za Uingereza na ngazi za nje. Viatu hivyo vya nje si vibovu, na vingine vimeshonwa Goodyear barabara, ila usivilipie bei ya Northampton.

Soma maandishi ya ndani ya kiatu neno kwa neno. "Made in England" ni dai la mahali kilipotengenezwa. "Established in England 1880" au "English shoemakers" linakueleza kampuni ilizaliwa wapi, basi. Pia fahamu kwamba "Made in England" haimaanishi kila hatua ilifanyika huko: zipo kampuni zinazoshonesha ngozi ya juu India na kukijenga kiatu Uingereza.

## Mahali pa kupata bei nzuri

Punguzo kubwa huanza lini?

Mara mbili kwa mwaka: kuanzia tarehe 26 Desemba hadi Januari, na tena Juni na Julai. Usitegemee sana kukuta Oxford (kiatu rasmi cha kamba) nyeusi ya kawaida, maana hiyo huuzika mwaka mzima. Kinachopunguzwa ni rangi zisizo za kawaida, suede (ngozi isiyong'aa yenye malaika laini), mitindo inayoachwa, na saizi za pembeni. Mwenye mguu wa 6 au 12 ana bahati kuliko mwenye 8 au 9.

"Seconds" ni viatu vibovu?

Ni viatu vilivyokosa alama za juu kiwandani. Kasoro inaweza kuwa mkwaruzo mdogo, rangi isiyolingana baina ya kulia na kushoto, mshono uliopinda mahali pasipoonekana, au kovu la mnyama kwenye ngozi. Huwekewa alama ndani, mara nyingi muhuri au herufi moja, kisha huuzwa kwa punguzo kubwa.

Nimeshika jozi nyingi za namna hii nikatafuta kasoro dakika kumi nisiione. Ukiambiwa kasoro ni ya rangi au mkwaruzo, nunua. Ukiambiwa ni ya umbo, kwa mfano kiatu kimoja kirefu kuliko kingine au kisigino kilichokaa upande, acha. Rangi hurekebishwa kwa krimu, umbo halirekebishiki.

Nafikaje kwenye maduka ya viwandani?

Kama uko Uingereza au una ndugu huko, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unajaribu kiatu mguuni. Crockett & Jones na Tricker's wana maduka ya kiwandani Northampton mjini, umbali wa kutembea baina yao. Treni kutoka Euston, London, huchukua kama saa moja. Loake wako Kettering, inayofikika kwa treni ya kutoka St Pancras. Barker wako Earls Barton na Cheaney Desborough, sehemu zisizo na stesheni, kwa hiyo panga basi au gari.

Piga simu kabla ya kwenda. Maduka haya hayafunguliwi kama maduka makubwa ya mjini, mengine hufunga mapema na mengine hayafungui kila siku. Nenda na soksi unazovaa kazini, na nenda mchana, mguu ukiwa umeshajaa. Ukibaki na muda, jumba la makumbusho la Northampton lina mkusanyo wa viatu unaosifika duniani. Ukiuona utaelewa kwa nini mji mzima unajivunia kazi hii.

Kuna viatu vya Northampton vinavyouzwa kwa jina jingine?

Vipo vingi, na kwa mnunuzi mwenye macho hapa ndipo penye asali. Viwanda hivi kwa miaka mingi vimewashonea wenye maduka ambao huweka majina yao. Brooks Brothers wa Marekani waliuza viatu kwa jina la Peal & Co., na vingi vilishonwa na Crockett & Jones. Ralph Lauren naye aliwahi kuuza viatu rasmi vilivyoshonwa Northampton. Herring wa Devon huuza kwa jina lao viatu vinavyotoka Cheaney, Barker na Loake. Maduka ya Jermyn Street, London, yamefanya hivyo tangu zamani.

Kwenye soko la vilivyotumika, jina dogo huvuta bei ndogo. Kiatu kile kile kutoka meza ile ile, kikiwa na jina la duka lililokwisha kufungwa, hupita bila watu kukitazama. Mjue mshonaji kwa umbo na kwa namba zilizo ndani, usitegemee jina la dhahabu kwenye kitambaa.

Kwenye masoko ya mtandaoni ya eBay na Vinted natafutaje?

Tafuta jina likiwa limekosewa. Watu wanaouza viatu vya marehemu baba yao hawajui tahajia: jaribu "Crocket and Jones" yenye t moja, "Churches", "Trickers" bila alama ya juu, "Cheany". Halafu tafuta bila jina kabisa, kwa mfano "Made in England leather shoes 9". Inachukua muda, ila ushindani ni mdogo.

Omba picha tano: soli zote mbili, visigino kwa nyuma, ndani penye maandishi, upande penye mikunjo ya vidole, na ukanda ukionekana kwa karibu. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya mikunjo, mwache. Cha kutazama kwenye picha hizo kimeelezwa katika sehemu ya ukaguzi.

Maduka ya hisani ya Uingereza je?

Oxfam na British Heart Foundation, mashirika ya misaada yanayouza vitu yanavyochangiwa, wana maduka karibu kila mji, na pia huuza mtandaoni. Yaliyoko mitaa ya wenye nacho, kama Kensington au Marylebone, hupokea viatu vizuri zaidi, ingawa siku hizi wahudumu wanayajua majina na bei si ya bure tena. Miji midogo ya mikoani yenye wastaafu wengi huwa na bahati zaidi.

Na mtumba wa hapa kwetu? Kweli Church's hufika Gikomba?

Hufika. Nguo na viatu visivyouzika kwenye maduka ya hisani ya Uingereza hufungwa mabelo na kusafirishwa, na sehemu yake huishia Gikomba na Toi jijini Nairobi, Kongowea Mombasa, Karume Dar es Salaam na Owino Kampala. Ndani ya mzigo uliojaa raba, mara moja moja hutokea jozi ya Kiingereza ambayo muuzaji huiona kuwa "kiatu cha mzee", kizito na chenye soli ya ngozi inayoteleza.

Fika asubuhi siku ya kufungua mzigo, kabla wenye kuchagua kamera, yaani vile bora vinavyotolewa kwanza, hawajapita. Jenga urafiki na muuzaji mmoja au wawili wa viatu vya wanaume, mwambie unachotaka: viatu vizito, soli ya kushonwa, maandishi ya England ndani. Muuzaji akishajua kuna mtu anayevihitaji, atakuwekea. Mlipe vizuri anapokupigia simu, asije akaona ni usumbufu.

Kasoro kubwa ya viatu vya mtumba ni kwamba vimebanwa kwenye belo. Kisigino cha ndani hupondeka na ncha hukunjika. Kilichokunjika bila kupasuka kinaweza kurudi kwa krimu na kalibu, yaani umbo la mguu la mbao linaloingizwa ndani ya kiatu. Kilichopasuka, basi tena.

## Saizi

Namba za Kiingereza zinalinganaje na za kwetu?

Namba 9 ya Kiingereza ni takribani 43 ya Ulaya na 10 ya Marekani. Hatua ya namba moja ya Kiingereza ni theluthi ya inchi, kama milimita 8.5, hivyo nusu namba ni milimita nne tu na ushee. Zinatosha kukuumiza siku nzima.

Watu wengi huvaa raba kubwa kuliko mguu wao. Kama raba yako ni 44, usidhani kiatu rasmi chako ni 10. Mara nyingi ni 9 au 9½. Pima mguu ukiwa umesimama, miguu yote miwili, na utumie ule mkubwa.

Herufi baada ya namba ni nini?

Ni upana. Kwa Loake, Barker, Cheaney na Church's, F ni upana wa kawaida na G ni mpana. Kwa Crockett & Jones na Edward Green, upana wa kawaida ni E. Usione E ukaikimbia ukidhani ni nyembamba, angalia kwanza ni ya kampuni gani.

Mguu mpana ni jambo la kawaida kwetu, hasa kwa waliokua wakitembea pekupeku au kwa ndala. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kupandisha namba ili apate upana. Kiatu kinakuwa kirefu, mkunjo hauangukii kwenye vidole, kisigino kinachomoka, na ngozi inapasuka mapema mahali ilipokunjika vibaya. Tafuta namba yako yenye upana mkubwa zaidi.

Ile namba ya tarakimu mbili au tatu iliyoandikwa ndani?

Mara nyingi ni namba ya kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake. Ni taarifa muhimu kuliko jina la mtindo. Ukishajua kwamba 202 ya Edward Green inakukaa, au 348 ya Crockett & Jones inakubana kwenye vidole, unaweza kununua kwa picha bila hofu kubwa. Andika kwenye daftari kila kalibu uliyoijaribu na ilivyokukaa. Ndugu yako akiwa Uingereza, mwombe apite dukani ajaribu ikiwa miguu yenu inafanana.

Kwa Church's namba hii husaidia pia kukisia umri: kalibu ya zamani maarufu ilikuwa 73, na baada ya Prada kuingia ikaja 173.

Nimenunua 9 D na inanibana sana. Kuna nini?

Huenda ni namba ya Kimarekani. Mimi mwenyewe nilinunua jozi iliyoandikwa 9 D, nikaona "Made in England" nikafurahi, nisijue ilishonwa kwa ajili ya duka la Marekani. Ilikuwa sawa na 8 ya Kiingereza. Nilimpa binamu yangu, na anaivaa hadi leo. Viatu vya Peal & Co. hasa vichunguze kwa jicho hili.

## Kukagua kilichotumika

Nitazame nini kwanza?

Ngozi ya juu, mahali inapokunjika. Mkunjo ni wa kawaida, kila ngozi inayotembea hukunja. Unachotafuta ni ufa. Pinda kiatu kidogo utazame ndani ya mkunjo. Ukiona mstari mkavu wenye rangi tofauti, kama ardhi ya kiangazi, hapo ngozi imekufa na hakuna fundi wa kuifufua. Wauzaji wengine hujaza ufa kwa kiwi nyingi, hivyo futa kwa kitambaa kibichi kabla hujalipa.

Kisha ukanda. Kama fundi wa awali aliusaga karibu na ngozi ya juu, au umeliwa na kushonwa mara nyingi mpaka matundu yameungana, kubadilisha soli kutakuwa kazi kubwa na ya gharama. Baada ya hapo ingiza vidole ndani: soli ya ndani iwe nzima, isiwe imepasuka chini ya vidole. Kitambaa kilichotoboka kisiginoni hakinipi wasiwasi, fundi hubandika kiraka cha ngozi.

Soli iliyotoboka? Hiyo naitumia kupunguza bei. Tundu la soli huwatisha wanunuzi wengine, na mimi nilishapanga kuibadilisha.

Nitajuaje mshono wa soli ni wa kweli?

Viatu vingi vya bei rahisi vina mshono uliochorwa kwenye mpira ili ufanane na Goodyear. Tazama nyuzi kwenye ukanda kisha ugeuze kiatu: kwenye soli ya mpira au ya ngozi isiyofichwa mshono utaona nyuzi zile zile zikitokea chini. Lakini viatu vya ngazi ya juu huficha mshono wa chini ndani ya mchirizi uliofunikwa, kwa hiyo kutouona si ushahidi wa ubaya. Hapo chungulia ndani: soli ya ndani iwe ngozi halisi, na ukanda uwe kipande chake, si sehemu ya soli.

Ngozi inayong'aa sana kama kioo ni bora?

Mara nyingi ni ngozi iliyosuguliwa uso na kupakwa tabaka gumu. Church's wana ya kwao inayong'aa hivyo kwa makusudi, na wapo wanaoipenda kwa sababu maji hayaiingii haraka na kuisafisha ni kupangusa tu. Tatizo ni kwamba ikikunja, tabaka hupasuka mistari mistari na krimu haipenyi. Kwa viatu vilivyotumika napendelea ngozi ya kawaida inayoonyesha vinyweleo, kwa sababu inakubali kulishwa.

## Kulipa, kusafirisha na ushuru

Nikinunua kutoka Kenya au Tanzania, nalipa VAT ya Uingereza?

Duka la Uingereza linalosafirisha mzigo moja kwa moja kwenda nje linaweza kukuuzia bila VAT yao ya asilimia 20. Kiatu cha pauni 360 kinakuwa cha 300. Si kila duka hufanya hivyo, uliza kabla. Mzigo ukifika, nyumbani kuna ushuru wa forodha na VAT ya nchi, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda, na hivyo hukokotolewa pamoja na nauli ya mzigo. Piga hesabu yote kabla hujasema umepata bei poa.

Zamani msafiri aliweza kununua dukani na kudai VAT uwanja wa ndege. Mpango huo ulifutwa Uingereza, Wales na Scotland mwishoni mwa mwaka 2020. Anayekuambia utarudishiwa Heathrow anazungumzia mambo ya zamani.

Ndugu anaweza kunibebea?

Ndiyo, na kwa jozi moja ndiyo njia rahisi zaidi. Aondoe boksi, ajaze soksi ndani ya kiatu, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, soli zikitazama nje. Kiwango cha mizigo ya abiria kisicholipiwa ushuru kinatofautiana kwa nchi, aulize mapema.

## Matunzo na matengenezo

Je, fundi wa mtaani anaweza kubadilisha soli?

Wengi wanaweza, na wapo wanaoshona kwa mkono vizuri kuliko mashine. Wasiwasi ni haraka: kung'oa soli kwa koleo, kubandika mpira kwa gundi na misumari, kisha kusaga ukingo mpaka ukanda uishe. Zungumza naye mapema. Mwambie, "Fundi, naomba usiguse ukanda. Kata nyuzi za zamani taratibu, shona soli mpya kwenye matundu yale yale." Mpelekee kwanza kiatu kisicho na thamani umwone mkono wake, na umlipe kazi ya kushona kwa bei yake, si ya kubandika.

Kampuni nyingi, zikiwemo Crockett & Jones, Church's, Cheaney, Loake, Barker na Tricker's, hupokea viatu vyao na kuvijenga upya kwenye kalibu yake ya asili. Gharama huweza kuvuka pauni 100, ukiongeza nauli kwenda na kurudi. Kwa Edward Green uliyoipata mtumbani inafaa kabisa. Kwa Loake yenye ukanda mzima, fundi mzuri wa karibu anatosha.

Soli ya ngozi itavumilia masika?

Haipendi maji yanayosimama. Ukitembea kwa miguu sana, tafuta viatu vyenye soli ya mpira ya Dainite, inayotengenezwa Market Harborough, karibu kabisa na Northamptonshire: ni nyembamba, ina vidoto vya mviringo, na haiharibu sura ya kiatu rasmi. Au mwombe fundi abandike mpira mwembamba juu ya soli ya ngozi tangu mwanzo.

Kiatu kikilowa, kijaze magazeti na ukilaze ubavu kivulini siku mbili. Usikiweke juani wala karibu na jiko. Wakazi wa pwani wana adui mwingine, kuvu: usifungie viatu kwenye mfuko wa plastiki, na vipanguse na uvipitishie hewa kila wiki hata kama huvivai.

Kiwi peke yake inatosha?

Kiwi ya kopo hung'arisha uso, hailishi ngozi. Mara moja kwa mwezi safisha, paka krimu ya ngozi kidogo, acha usiku kucha, halafu ndipo kiwi. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo, na baada ya kuvua weka kalibu za mbao ndani. Seremala wako anaweza kukuchongea, wakati wa kusubiri tumia magazeti yaliyokunjwa. Kisigino kikiliwa upande, badilisha ule mpira wa chini mapema kabla haujafika kwenye ngozi.

## Yanayomkuta mtu mmoja mmoja

Nimepata jozi ya zamani haijavaliwa kabisa. Ni salama?

Usiivae siku hiyo hiyo. Ngozi iliyokaa miaka kwenye boksi imekauka, ukiikunja ghafla itapasuka. Paka krimu mara tatu kwa siku kadhaa, kisha uvae nyumbani kwa muda mfupi mfupi. Soli ya sponji ya zamani ni hatari zaidi: inaweza kumung'unyika kama mkate mkavu hatua chache tu baada ya kuivaa. Bonyeza kwa ukucha, ikibaki alama au ikitoa unga, hesabu gharama ya soli mpya.

Mguu wangu mmoja ni mkubwa kwa nusu namba. Nifanyeje?

Nunua kwa ule mkubwa, weka kitambaa chembamba cha ngozi chini ya mguu mdogo. Zaidi ya nusu namba, waulize maduka ya viwandani (tazama swali la kufika huko): wakati mwingine jozi ya seconds ni viatu viwili visivyolingana, na kasoro hiyo hiyo inaweza kuwa dawa yako.

Si vibaya kuvaa viatu vya mtu aliyekufa?

Wazee wa Tanzania waliita mtumba "kafa Ulaya", na najua wapo ambao hadi leo roho zao hukataa. Siwalazimishi. Kiafya, cha kufanya ni kutoa soli laini ya juu kama ipo, kupangusa ndani kwa kitambaa chenye siki na maji, kuanika kivulini siku mbili, na kuweka soli mpya nyembamba. Umbo la unyayo wa mwenye kiatu wa kwanza litakuwa limebaki kwenye koki. Kama linakusumbua mguuni, subiri hadi siku ya kubadilisha soli, fundi ataondoa koki ya zamani na kuweka mpya, na kuanzia hapo kiatu kitashika umbo la mguu wako.

Nina pesa ya jozi moja tu. Ipi?

Oxford nyeusi yenye mstari mmoja wa kushonwa juu ya vidole, bila vitobo. Inaingia usaili, ofisini, kanisani, kwenye nikahi, msibani na mahakamani. Kama mguu wako umeinuka juu hapo penye kamba na kamba za Oxford hazifungi, chukua Derby nyeusi ya aina hiyo hiyo, yenye masikio yanayofunguka. Tafuta ya Cheaney au Crockett & Jones iliyotumika, ngozi ikiwa haina ufa, na uweke kando pesa ya soli kabla hujailipia.